Wenzangu wanapanda vyeo, mimi naachiwa vyombo vyao

Hujambo Mjomba,

Mimi ni injinia wa programu, mwanamke wa miaka 31. Nimeajiriwa na kampuni kubwa ya teknolojia ya kigeni yenye ofisi Nairobi, lakini siku nyingi nafanyia kazi nyumbani, hapa Riat, Kisumu, nikienda Nairobi pakiwa na mikutano. Jina la kampuni niruhusu nilibane. Niliingia huko moja kwa moja kutoka chuoni. Barua ya kazi ilipokuja baba alichinja mbuzi, akaalika hadi mwalimu mkuu aliyenifundisha shule ya msingi.

Shida yangu ni hii. Timu yetu inashughulikia mfumo unaotuma ujumbe wa kuthibitisha malipo kwa wateja wa nchi kadhaa. Ukikwama, watu wanalipa bila kupata risiti, na aliye zamu anaamshwa na simu. Kuna kipindi ilikuwa inalia karibu kila usiku. Nikaamua kukaa na huo mfumo, nikafuta misimbo mizee iliyokuwa haina mwenyewe, nikabadilisha namna ujumbe unavyopanga foleni, na sasa mtu anamaliza zamu yake akiwa amelala. Hakuna aliyesema neno. Nani atakupongeza kwa usiku ambao hapakutokea kitu?

Wakati huohuo mwenzangu mmoja, tulioajiriwa pamoja, alijenga chombo kipya cha kuonyesha takwimu za huo ujumbe. Kikazinduliwa kwa mbwembwe, mkubwa mmoja wa ng'ambo akakitaja kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, mwenzangu akapandishwa daraja, kisha akahamia timu nyingine. Chombo kikabaki kwangu na kasoro zake chungu nzima. Nikikaa kukirekebisha, naonekana nimechelewesha kazi zangu.

Mwaka huu nimepitwa tena. Meneja wangu, mtu mwema kusema kweli, aliniambia kwamba jopo halikuona "upana wa mchango" wangu. Nilirudi kwenye fomu niliyojaza ya kujitathmini, nikakuta nimeandika sentensi chache tu. Ndizo nilizokumbuka siku ile.

Nyumbani nako hakukaliki. Baba ni mwalimu mstaafu, anaishi Ahero. Kila nikienda ananiuliza, "Umefika wapi sasa?" Binti wa jirani ni meneja wa tawi la benki kule Kisii, ana ofisi yenye jina lake mlangoni. Mimi nina meza chumbani na laptopu. Kwa macho ya baba, mimi ni karani anayelipwa vizuri. Mama ana kisukari, na bima ya kampuni ndiyo inayogharamia matibabu yake. Wadogo zangu nawalipia karo.

Sasa kuna kampuni ndogo ya vijana hapa Kisumu inayotengeneza mfumo wa kuweka hesabu za wauza samaki na wakulima wa mpunga. Wananitaka niwe mkuu wa mainjinia wao. Mshahara haufiki nusu ya ninaolipwa sasa, ila wanasema watanipa hisa. Moyo unanivuta. Halafu najiuliza, nikitoka huku nitasema nimejifunza nini miaka yote hii, zaidi ya kutunza mfumo wa wenyewe? Na tangu zile kampuni za Marekani zianze kufuta watu kwa maelfu, uvumi haukomi kwetu.

Niambie, Mjomba: nikazane hapa, niombe umeneja mzee afurahi, au niende kwa vijana?

Nimekwama, Riat

*

Mpwa wangu,

Nianze na hizo sentensi chache za kwenye fomu. Hizo ndizo zilizokunyima daraja. Yule mwenzako muache apumzike kwanza.

Katika kampuni ya ukubwa huo, wanaoamua kupanda kwako hawajawahi kukuona ukifanya kazi. Wanasoma. Google, kwa mfano, kwa miaka mingi ilimtaka injinia ajiombee mwenyewe: akusanye maelezo ya kazi zake na ushuhuda wa wenzake, kisha kamati ya mainjinia wasiomjua ikae na kusoma faili lake. Mwaka 2022 walibadilisha utaratibu wa tathmini, lakini mpaka leo kwenye kampuni kubwa karatasi huzungumza kabla ya mtu. Kwenu kuna jopo, umelitaja mwenyewe. Sasa fikiria mtu wa jopo hilo, pengine yuko bara jingine, ana mafaili mengi mezani. Faili la mwenzako lina chombo chenye jina, tarehe ya kuzinduliwa na sifa kutoka kwa mkubwa. Lako linasema uliboresha mfumo. Wewe ungempa nani?

Ninaona pia kwamba kampuni inayolipa uzinduzi itapata uzinduzi, na utunzaji utabaki kwa wenye dhamiri. Huo ni udhaifu wa kampuni, na wanaoujua humo ndani ni wengi kuliko unavyodhani. Hutaurekebisha wewe. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba kazi ya kutunza nayo inasomeka.

Inasomeka kwa namba. Mfumo wenu unaweka kumbukumbu za kila arifa iliyomwamsha mtu, kwa hiyo ushahidi wako upo, haukupotea pamoja na usingizi. Kavute miezi kadhaa ya kabla ya mabadiliko yako na miezi kadhaa ya baada yake. Arifa za usiku zilikuwa ngapi, sasa ni ngapi? Risiti zilizochelewa zilikuwa kiasi gani? Mtu wa zamu alipoteza saa ngapi za kazi siku ya pili kwa sababu hakulala? Ukishapata, andika aya moja: hali ilikuwa hivi, tatizo nililiona hapa, nilifanya hivi na sikufanya vile kwa sababu hii, matokeo ni haya. Usipambe. Jopo la mainjinia linanusa mapambo kutoka mbali.

Hilo neno "upana" nalo usilichukulie kuwa kisingizio. Lina maana yake. Katika kampuni hizi, ukitoka madaraja ya chini kwenda ya kati, swali hubadilika: awali walikuuliza kama unaweza kumaliza kazi uliyopewa, sasa wanauliza kama kazi yako imewafaa watu wasio wa timu yako. Wewe umepata njia ya kupanga foleni ya ujumbe ili isizibe. Je, ni timu yenu tu inayotuma ujumbe? Lazima kuna timu nyingine zinazokesha kwa tatizo lilelile. Andika mwongozo mfupi, omba nafasi uwaeleze, timu moja au mbili zikiufuata, upana ndio huo. Na usimwachie meneja akisie: mwombe vigezo vya daraja unalolitaka, mkae navyo mezani, akuonyeshe kwa kila kimoja nini kwenye kazi zako kinatosha na nini hakitoshi. Huyo meneja umesema ni mwema. Mpe kitu cha kukutetea nacho.

Kuhusu kile chombo ulichorithi, hapo nakuona umekuwa mpole kupita kiasi. Muulize meneja kwa maandishi: chombo hiki ni cha nani? Kikiwa cha timu, kiingizwe kwenye ratiba na kipewe saa zake, usiwe unakitengeneza kwa wizi wa muda wako. Kabla ya hapo angalia wanaokitumia ni wangapi. Isishangaze ukikuta waliokifungua mwezi uliopita ni wewe na mtu mmoja aliyepotea njia. Ikiwa ndivyo, pendekeza kizimwe. Kuzima chombo kisichotumiwa nako ni kazi, na inaandikika.

Kuanzia sasa, kila Ijumaa kabla hujafunga laptopu, andika ulichofanya wiki hiyo. Dakika chache tu. Zile namba na majina ya mifumo viache ndani ya nyaraka za kampuni, huko ndiko kwao. Kwenye daftari lako la nyumbani andika funzo kwa maneno yako, bila msimbo wala habari za wateja. Hilo daftari la pili ndilo litakalojibu swali lako la nini umejifunza, na hapo nataka tukae kidogo, maana naona ndipo hofu yako ilipo.

Maarifa ya kampuni kubwa ni ya aina mbili na watu huyachanganya. Tuchukue Google tena. Wana mfumo wao wa ndani unaoitwa Borg, unaogawa kazi kwa mashine zao nyingi mno. Mtu anaweza kuwa bingwa wa amri zake zote, na siku akitoka mlangoni ubingwa huo ukabaki huko, kwa sababu nje hakuna Borg. Lakini aliyekuwa ameelewa tatizo lenyewe, jinsi ya kugawa kazi ili mashine moja ikifa nyingine iishike, huyo Kubernetes, mfumo wa kugawa kazi kwa mashine ambao yeyote anaweza kuutumia, ilipotolewa hadharani mwaka 2014, ikiwa imejengwa na watu wa hukohuko kwa mawazo yaleyale, hakuwa na mengi ya kuanza upya.

Sasa pima yako. Majina ya vitufe na amri za ndani, acha. Lakini unajua kwa nini ujumbe hurundikana. Unajua la kufanya upande wa pili usipopokea: kusubiri kiasi gani kabla ya kujaribu tena, na lini kukata tamaa. Unajua kuhakikisha kwamba ujumbe uliotumwa tena hauhesabiwi mara mbili. Mpwa wangu, hayo ni maarifa ya kubeba popote. Risiti ikija mara mbili mteja anacheka. Malipo ya samaki yakikatwa mara mbili, mama muuza samaki wa Dunga anakuja ofisini na mashahidi.

Kuna jingine ambalo hukulitaja, labda kwa kuwa umelizoea. Mfumo ukianguka, kampuni nyingi za aina yenu huandika ripoti isiyotafuta wa kulaumiwa. Inasema kilichotokea dakika kwa dakika, kwa nini mfumo uliruhusu kosa la mtu mmoja liangushe kila kitu, na nini kitabadilishwa lisijirudie. Ofisi zetu nyingi swali la kwanza huwa "Ni nani?", na kuanzia hapo kila mtu anaficha anachojua. Kama umewahi kuongoza uandishi wa ripoti ya namna hiyo, watu wakasema kweli mbele yako bila kuogopa barua ya onyo, basi una kitu ambacho wale vijana hawana na watakihitaji kabla mwaka haujaisha. Mimi ningekiweka juu kuliko msimbo wowote uliowahi kuandika.

Turudi Ahero. Baba yako ni mwalimu, kwa hiyo vyeo anavijua kwa makundi. Enzi zake mwalimu mwenye digrii aliingia kundi K, akapanda L, M, N. Siku hizi TSC, tume inayoajiri walimu, inasema C2, C3 na kuendelea. Mweleze hivyohivyo. Kampuni hizi nazo zina makundi yao: mhitimu mpya akiingia Google huanza daraja la 3, akiingia Microsoft huanza 59, na hakuna anayesema wa Microsoft amemshinda wa Google kwa 56. Mwambie wewe uko daraja gani katika mangapi, na kwamba kuna walimu stadi waliostaafu wakiwa darasani na chaki mkononi bila kuwa wakuu wa shule, naye anawajua kwa majina. Tena kampuni nyingi kubwa zina daraja ambalo mtu akilifikia hasukumwi tena kupanda. Anaweza kulifanyia kazi miaka yake yote bila kuonekana mvivu. Ulizia kwenu ni lipi. Huenda umeshalifikia na unakosa usingizi bure.

Umeneja usiuombe kwa ajili yake. Katika kampuni yenu meneja si injinia aliyepanda. Amebadilisha kazi: mazungumzo na kila mtu kila wiki, kugombania bajeti, kuajiri, kumwambia mtu mzima kwamba kazi yake haitoshi. Barua yako yote ndefu, mahali ulipochangamka ni kwenye foleni ya ujumbe. Ungenitajia kijana mmoja uliyemfundisha akaiva, ningefikiri tofauti.

Kuhusu uvumi, ukweli unaujua. Meta ilitangaza kuondoa watu zaidi ya 11,000 Novemba 2022, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000 na Microsoft 10,000. Daraja halikuwa kinga. Lakini uvumi si sababu ya kukimbia, na hapa sheria iko upande wa anayengoja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, na kukulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Ukiandika barua ya kuacha wewe mwenyewe, hiyo ya siku 15 huwezi kuidai. Na vyovyote utakavyoondoka, dai cheti cha utumishi, ni haki yako kwa kifungu cha 51. Kama una hisa za kampuni, tazama tarehe zake. Kwa kawaida huiva kwa vipande katika miaka kama 4, na zilizobaki mbichi siku unayotoka huzioni tena. Nimesikia watu waliotoka wiki mbili kabla ya kipande kuiva kwa sababu ya hasira tu. Hasira ya bei ghali.

Kwa hiyo jibu langu: usitoke mwaka huu. Kaa mzunguko mmoja mwingine wa tathmini, na uingie humo na faili lililoandikwa vizuri. Likipita, umepanda. Lisipopita, utakuwa na maelezo safi ya kazi zako, ambayo kwa lugha isiyofichua siri za kampuni ndiyo wasifu wako wa kazi unaofuata. Hayo yote yanafanyika mama akiwa bado kwenye bima. Hilo la bima ningelipigia hesabu kabla ya mshahara. SHA, bima ya afya ya serikali, utakatwa asilimia 2.75 ya mshahara popote uendapo, lakini pengo kati yake na bima mliyo nayo sasa utalijua tu ukiuliza hospitali anakotibiwa ni dawa na vipimo gani vinalipwa na nani.

Vijana wa Kisumu nao usiwakatae. Waambie unahitaji muda, na muda huo uutumie. Baba yako huko Ahero anakaa katikati ya mashamba ya mpunga. Mwombe awaulize wakulima anaowafahamu kama huo mfumo wanautumia, au waliuacha baada ya msimu mmoja. Atakuletea majibu bora kuliko wasilisho lolote la ofisini, na atapata kujua unafanya kazi gani. Wewe mwenyewe chukua siku za likizo ukakae na wauza samaki uone wanavyoandika madeni.

Kisha waulize vijana mambo ya pesa bila aibu. Fedha zilizopo benki zinalipa mishahara miezi mingapi? NSSF na kodi za wafanyakazi zinapelekwa kila mwezi? Hisa wanazokuahidi ni ngapi kati ya ngapi, maana "hisa elfu kumi" bila kujua jumla ni maneno matupu. Zinaiva lini, na ukiondoka inakuwaje? Waombe CR12 ya karibuni, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Inapatikana kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na haiwagharimu kitu cha kuwaumiza. Wakisitasita kuitoa, umeshajibiwa.

Jambo la mwisho, nalo ni la haraka kuliko yote. Soma mkataba wako kabla hujawasaidia hata kwa ushauri wa bure. Mikataba ya kampuni kama yenu mara nyingi inakataza kazi ya pembeni bila idhini, na mingine inadai umiliki wa unachobuni ukiwa umeajiriwa. Kama kipengele hicho kimo, omba idhini kwa maandishi au usubiri. Na siku ukienda kuonana nao, laptopu ya kampuni iache nyumbani.

Mjomba